Jeremia Kyule Muthama (1958–2025): Mkaguzi wa Nyama Aliyetaka Kuona Alichotolewa

Mzee Jeremia Kyule Muthama aliagiza mapema kwamba wasifu wake usifiche ugonjwa uliompata, wala kosa alilomtendea mwenzake. "Mkiandika kwamba niliugua kwa muda mfupi," alimwambia mkewe, "watu watajua kuna kitu mnaficha. Hata mimi ningeshuku." Familia imefanya kama alivyotaka.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 karibu na soko la Nunguni, katika milima ya Kilungu, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa marehemu Muthama Ndolo na marehemu Syombua. Kaka yake mkubwa alikuwa Mwau, na mdogo wake ni Musembi. Mama yake alisimulia kwamba tangu akiwa mdogo hakula yai kabla ya kuliinua kwenye mwanga alitazame ndani. Hakuna aliyemfundisha. Aliona tu kwamba ganda linaweza kuficha jambo.

Alisoma shule ya msingi hapo Nunguni kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Mwaka wa mwisho alirudisha karatasi yake ya hesabu kwa mwalimu akisema amepewa alama mbili zaidi. Mwalimu alihesabu upya, akakuta ni kweli, akazikata. Wenzake walimcheka hadi wakachoka. Baada ya shule ya upili alichaguliwa kwenda Athi River kusomea ukaguzi wa nyama, akahitimu mwaka 1979.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Mutomo, halafu Kitui mjini, na kuanzia mwaka 1996 hadi alipostaafu Aprili 2018 alikuwa katika kichinjio cha Sultan Hamud. Kila asubuhi, kabla ya bucha kufunguliwa, alikuwa ameshafika na kisu na gambuti zake. Alipasua ini, akapasua mapafu, kisha akazifuata tezi, vile vifundo vidogo vinavyokaa kando ya utumbo na ambavyo huvimba mnyama akiwa mgonjwa. Alikata kila kifundo katikati akakitazama. Wenye haraka walinung'unika. Yeye aliwajibu kwamba ng'ombe hasemi alikuwa na nini, kwa hiyo lazima aulizwe kwa kisu. Kwa miaka thelathini na tisa hakupiga muhuri nyama ambayo hakuigusa kwa mkono wake.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Rael Mbula katika kanisa la Nunguni. Kabla ya hapo, siku ya kupeleka kwa wakwe mbuzi wa ntheo, wale wa kufungia uchumba, wazee wa upande wake walikuwa wamefika langoni na mbuzi wao watatu wakati Kyule alipoinama akamshika mmoja shingoni. "Huyu ana tezi imevimba. Hawezi kuingia kwa watu," alisema. Wazee walikasirika. Ilibidi warudi sokoni kutafuta mbuzi mwingine huku wakwe wakingoja juani. Baba yake Mbula, badala ya kuudhika, alisema mtu anayewakataa mbuzi wake mwenyewe hawezi kumdanganya binti yake. Mungu aliwabariki na watoto wawili, Ben na Kanyiva.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Oktoba 2017. Mzee Kyule aliona damu chooni. Hakumwambia mtu. Aliona tena wiki iliyofuata, na tena. Lakini hakufikiria ugonjwa, alimfikiria Mugo.

Mugo alikuwa mtu wa Murang'a aliyefungua bucha Sultan Hamud na kuishi hapo miaka kumi na miwili na mkewe, Eunice. Mwezi wa Agosti mwaka huo Mzee Kyule alikuwa amemkatalia ng'ombe mzima, kwa sababu tezi zilikuwa na kifua kikuu. Mugo alimwambia kwa hasira mbele ya wachinjaji, "Mzee, iko siku utajua uchungu wa hii kitu." Majuma machache baadaye walikutana hotelini, na Mugo, ambaye hasira zilikuwa zimemwisha, akawaagizia wote waliokuwa mezani chai. Mzee Kyule alikunywa. Damu ilipoanza aliunganisha hayo mambo mawili, ng'ombe na chai, na tangu hapo hakuona kitu kingine. Aliacha kula mjini. Alibeba muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye kontena yenye kifuniko, akaifunga kwa kamba, na fundo la kamba alilijua mwenyewe.

Alimwambia mdogo wake Musembi. Halafu alimwambia Kimeu, mzee mwenzake wa kanisa. "Huyo Mugo ameniwekea kitu," alisema, lakini damu hakuitaja. Ni watu wawili tu. Lakini kufikia Krismasi soko lote lilikuwa linajua, na watu walipita mlango wa bucha ya Mugo kana kwamba hawauoni. Mwezi wa Januari 2018 Mugo alifunga, akahama. Mzee Kyule aliposikia alimwambia mkewe, "Unaona? Mtu asiye na hatia hakimbii."

Damu haikuhama na Mugo. Mzee alikonda. Alipanda ngazi za kichinjio akisimama katikati kupumua. Mbula alimwuliza mara nyingi, na kila mara akamjibu ni uzee. Ni Kanyiva, mwalimu katika mji wa Kitui, aliyekuja nyumbani mwezi wa Juni akaona viganja vya baba yake vimekuwa vyeupe.

"Baba, unatoka damu wapi?"

"Nani amekwambia natoka damu?"

"Hakuna. Wewe ungemwona ng'ombe ana ufizi kama wako ungesema nini?"

Kesho yake alivaa koti wakaenda Kitui. Hospitalini walimpitishia kamera kwa njia ya haja kubwa, na ikaonekana upande wa kushoto wa utumbo mpana kuna uvimbe ulioziba karibu nusu ya njia. Ilikuwa kansa. Daktari alisema uvimbe wa ukubwa ule haukuanza mwaka jana. Umekuwa ukikua kwa miaka.

Mzee Kyule alikuwa na sababu ya kuogopa kisu. Mwaka 1989 kaka yake Mwau alikuwa amefunguliwa tumbo kutoka chini ya kifua hadi kinenani. Kyule alimuuguza siku thelathini na moja. Kidonda kilikataa kufunga, na Mwau akafa bila kurudi nyumbani. Kwa hiyo daktari wa upasuaji, Daktari Gathua, alipomweleza kwamba siku hizi kazi ile inafanywa kupitia matundu madogo, hakufarijika hata kidogo.

"Daktari, mimi nimeshika matumbo ya ng'ombe miaka thelathini na tisa. Utumbo hauwezi kutoka kwa tundu la kalamu."

"Kweli kabisa, Mzee. Tunakata na kuunganisha kupitia hayo matundu. Halafu moja hapa chini tunalipanua kidogo, urefu wa kidole chako, kipande kitokee hapo."

"Na mtaonaje ndani?"

"Tunajaza tumbo hewa, tunaingiza kamera."

"Hewa. Na kamera ikizima?"

"Tukishindwa tutafungua kama zamani. Hilo pia tutakuomba ulitie sahihi, ujue mapema."

Mzee akamwuliza daktari nyumbani kwao ni wapi. Murang'a, alijibiwa. Akamtazama Kanyiva, kisha akamgeukia daktari tena. "Unamjua mtu anaitwa Mugo, alikuwa na bucha Sultan Hamud?"

"Hapana, simjui."

Walipotoka nje alimwambia binti yake, "Amekataa haraka sana."

Kanyiva alilia hapo hapo kwenye veranda, mbele ya watu. Alimwambia kwamba akirudi nyumbani bila kutibiwa atakufa, na kwamba yeye hatakuja kusikiliza watu wakisema aliuawa na chai. Mzee hakuwahi kumwona akilia tangu awe mtu mzima. Alirudi ndani akatia sahihi karatasi zote mbili, baada ya kuzisoma kila mstari.

Alipasuliwa Jumanne, tarehe 10 Julai 2018. Alipozinduka kitu cha kwanza alichofanya ni kupeleka mkono tumboni. Alikuta plasta nne ndogo na bandeji moja fupi chini ya kitovu. Alimwita Mbula karibu, akamnong'oneza, "Hawajafanya kitu. Wamefungua wakaona imeharibika, wakafunga. Muulize vizuri."

Mbula aliuliza, akaambiwa kipande cha sentimita ishirini na mbili kimetolewa na utumbo umeunganishwa. Alirudisha habari hiyo. Mzee alimwuliza kama alikiona kwa macho yake. Hakuwa amekiona.

Siku zilizofuata kila jambo zuri lilimtia wasiwasi. Kesho yake asubuhi muuguzi wa wodi, sista Gathoni, alikuja na uji, naye akakumbuka kwamba Mwau alikaa siku nane bila kuonja hata maji. Akafikiri kwamba mgonjwa anayepewa chakula upesi ni yule aliyekatiwa tamaa. Bega la kulia lilimuuma kuliko tumbo, akataka kujua walichofanya begani. Sista alimweleza kwamba ni ile hewa. Iliyobaki husukuma utando ulio chini ya mapafu, na maumivu yakatokea begani, na yataisha kwa siku mbili. Mzee aliandika kwenye kipande cha karatasi, "Bega, siku mbili," akakiweka chini ya mto. Kisha sista akamletea bigijii.

"Mimi ni mzee wa kanisa," alisema. "Nitafune bigijii kama makanga wa matatu?"

"Mzee, ukitafuna, utumbo unadhani chakula kinakuja. Unaamka."

"Kwa hiyo mnaudanganya."

"Tunaudanganya kidogo."

Hilo lilimpendeza, Mbula anasema, kwa sababu ndilo jambo la kwanza waliloungama. Alitafuna, akiwa amegeukia ukutani. Alitembea pia, mara nne kwa siku, kutoka kitandani hadi mwisho wa wodi, huku Mbula akibeba chupa ya maji. Kila asubuhi daktari alipopita aliuliza kama ametoa hewa, na kila asubuhi Mzee alikasirika kuulizwa swali kama hilo mbele ya mkewe. Siku ya tatu ilitoka. Hakumwambia daktari. Alingoja itoke mara ya pili, ndipo akamwambia Mbula kwa sauti ya chini, na Mbula akacheka mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka bila kujua wanacheka nini. Na bega lilikuwa limeacha kuuma.

Jumamosi tarehe 14 aliruhusiwa kwenda nyumbani. Alikuwa hospitalini siku tano. Njia nzima alishika tumbo akisema wamemtoa ili asiwafie. Majirani walipokuja kumpa pole walimtazama, wakatazamana. Walitarajia mtu asiyeweza kuketi. Musembi aliomba kuonyeshwa kidonda, akaonyeshwa, akasema wazi, "Kaka, hapa hakuna oparesheni. Umeibiwa."

Wiki mbili baadaye aliporudi kwa daktari, Mzee Kyule alikataa kuketi. Alisema hatazungumza lolote mpaka aone alichotolewa. Daktari Gathua alicheka, kisha akaona kwamba hatanii, akapiga simu maabara. Wakateremka pamoja. Mtaalamu wa maabara aliweka mezani chombo chenye dawa, akakitoa kipande na kukilaza kwenye sinia. Mzee aliomba glavu. Kanyiva, aliyekuwepo, anasema uso wa baba yake ulibadilika. Hakuwa tena mgonjwa, alikuwa mtu aliyefika kazini. Alikipima kwa vidole. Akautazama uvimbe, akatazama nyama nzuri iliyoachwa kila upande wake. Kisha akauliza, "Tezi mlitoa ngapi?"

"Kumi na saba."

"Mlikata zote?"

"Zote. Mbili zina ugonjwa."

Alizitafuta akazipata mwenyewe, zile mbili. Alizitazama muda mrefu. Mwishowe akasema, "Huyu ningemkataa mzima," akavua glavu. Hapo ndipo alipoketi.

Kwa sababu ya tezi zile mbili alitakiwa kupata kemo, dawa za kuua kansa, kwa miezi sita. Hakuwa mgonjwa rahisi. Alisoma jina na tarehe kwenye kila chupa kabla haijatundikwa, na mara moja aliwafanya wabadilishe moja ambayo maandishi yake yalikuwa yamefutika. Vidole viliingia ganzi, na maji baridi yalimchoma kama miiba. Baada ya dozi ya nne alitaka kuacha. Mbula hakumbembeleza. Alimwambia tu, "Basi nenda ukamwombe Mugo msamaha kwanza, ndio ufe vizuri." Aliendelea hadi mwisho, Februari 2019.

Na mwezi wa Machi alikwenda. Alimkuta Mugo mjini Wote, akikata nyama kwenye bucha ya mtu mwingine. Mzee alisimama mbele ya kaunta kama mteja.

"Mugo, nilisema umeniwekea kitu. Hukuniwekea. Ilikuwa kansa, na ilikuwa ndani yangu miaka kabla ya ile ng'ombe."

Mugo aliendelea kupangusa kisu. "Ulimwambia nani?"

"Watu wawili."

"Na hao wakaambia nani?"

Mugo aliweka kisu kwenye kaunta.

"Mke wangu aliitwa mke wa mchawi pale sokoni, akiwa amebeba mboga zake. Eunice, ambaye hata kuku anaogopa kumchinja. Ungekufa, Mzee, mimi ningekuwa muuaji mpaka leo. Kama unataka msamaha usiuombee hapa Wote. Hapa hakuna mtu ulimwambia."

Mzee Kyule alirudi Sultan Hamud. Siku tatu za soko alizunguka kibanda kwa kibanda, akiwa bado na ganzi miguuni, akisema kwamba alimsingizia Mugo na kwamba alichokuwa nacho ni ugonjwa wa utumbo. Alisema pia kanisani, mbele ya Kimeu. Wengi walimhurumia bila kumwamini. Walisema Mugo amemrudia kwa dawa kali zaidi, hadi amemfanya aombe radhi. Hilo lilimuumiza kuliko kemo. Aliona jinsi neno lake moja lilivyoingia kwa watu upesi, na jinsi lilivyokataa kutoka. Mugo hakurudi Sultan Hamud. Mwaka 2021 alifungua bucha yake mwenyewe mjini Wote, na Mzee akapita kumsalimia mara moja. Hawakuwa marafiki. Mzee Kyule hakutaka wasifu huu useme kwamba walikuwa.

Miaka iliyofuata alikwenda kupimwa kila alipoitwa, akadai nakala ya kila jibu, na mwezi wa Julai 2023 aliambiwa miaka mitano imepita na hakuna dalili ya ugonjwa. Alimwomba daktari aandike hivyo na kutia tarehe. Alilima, aliimba kanisani, alipanda hadi Nunguni kwa miguu. Alikuwa na tabia moja iliyowafanya watu wamkwepe: akimwona mtu amekonda alimwuliza habari za choo, hata kama wako kwenye harusi. Kwa ukaidi huo aliwapeleka watu tisa kupimwa, na mmoja wao alikutwa na ugonjwa mapema, akatibiwa, na yuko hai. Mtu aliyemshinda ni mdogo wake. Madaktari walikuwa wamesema ndugu wa damu wapimwe, hasa kwa kuwa huenda hata Mwau aliugua ugonjwa huo huo. Ben na Kanyiva walipimwa. Musembi alisema haingizwi kamera na mtu.

Alhamisi tarehe 4 Septemba 2025, saa mbili asubuhi, Mzee Kyule alikuwa ameketi barazani akifunga kamba za viatu aende shambani. Mbula alimsikia akisema, "Ngoja kwanza," naye akafikiri anazungumza na mbuzi. Alipotoka alimkuta ameegemea ukuta. Alifikishwa hospitalini akiwa ameshakata roho. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Kabla ya saa sita maneno yalikuwa yamejaa bomani. Musembi alisema mbele ya wazee kwamba kansa iliachwa ndani tangu siku ile, kwamba hakuna mtu anayeweza kusafisha tumbo kupitia matundu, na kwamba waliomshawishi kaka yake kwenda kule wanajijua. Alikuwa akimtazama Kanyiva. Mbula, aliyekuwa mjane kwa muda wa saa nne tu, alisimama akasema, "Mume wangu hatazikwa na neno hilo juu yake. Atachunguzwa. Na wewe utakuwepo."

Mwili ulichunguzwa Jumatatu tarehe 8. Musembi alisimama kwa niaba ya familia. Daktari alionyesha mshipa wa moyo ulioziba, nao ndio uliosababisha kifo. Akapasua ini, lilikuwa safi. Akapasua mapafu; yalikuwa safi. Musembi alisema anataka kuona mahali utumbo ulipounganishwa. Daktari alitafuta kwa muda, akarudi nyuma, akatafuta tena, hadi kidole chake kilipohisi pini ndogo za chuma zilizounganishia utumbo. Ulikuwa mstari mwembamba tu, bila uvimbe wowote. Kwa jicho tupu ungeupita.

Musembi alitoka akakaa kwenye benchi karibu na Mbula.

"Mama Ben," alisema, "na mimi natoka damu. Tangu mwaka jana."

Ameturuhusu tuyasome haya. Kanyiva mwenyewe ndiye aliyempeleka Kitui, Ijumaa tarehe 12, na kamera ilikuta vinyama viwili vimeota, vikatolewa siku hiyo hiyo. Majibu ya maabara hayajatoka. Tunaomba mumkumbuke katika maombi.

Mzee Jeremia Kyule Muthama ameacha mjane, Rael Mbula, mwanawe Ben, binti yake Kanyiva, wajukuu wanne, na ndugu yake Musembi, aliyeketi hapa mbele kando ya Kanyiva.

Lala, Baba. Kazi umeifanya kwa mkono wako mwenyewe, na Bwana akupe utulivu.